Kalamu ya Waziri wa Uvuvi na bei ya fungu Mabibo

SOKO la Mabibo jijini Dar es Salaam linajulikana zaidi kwa ndizi, hata eneo hilo likapata jina la Mahakama ya Ndizi. Lakini mchuuzi wa dagaa na samaki mwenye meza yake Mabibo, au katika magenge ya jirani ya Manzese na Kigogo, naye ana hakimu wake. Hakimu huyo haonekani sokoni. Ofisi yake iko Dodoma, na maamuzi yake hutangazwa katika Gazeti la Serikali, chapisho ambalo wachuuzi wachache sana wamewahi kulishika mkononi.

Huyo ni waziri mwenye dhamana ya uvuvi. Wafanyabiashara wadogo wa samaki hufuatilia bei ya mafuta, nauli ya malori na upepo wa bahari. Wale wa dagaa huhesabu hata siku za mwezi, kwa sababu wavuvi wa taa hawapati kitu mbalamwezi inapowaka, na mzigo ukipungua bei ya sado hupanda. Kanuni za uvuvi, kwa upande mwingine, wengi huzisikia kwa mara ya kwanza siku mzigo wao unapokamatwa.

Mfano wa karibuni ni wa mwaka 2024. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3 ili samaki wapate kuzaliana. Msingi wa hatua hiyo ni makubaliano ambayo Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini Desemba 2021, na utekelezaji wake upande wa Tanzania ulikuwa mikononi mwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa wakati huo, Bw. Abdallah Ulega.

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata hivyo, dagaa wa Kigoma wana wateja wao Dar es Salaam ambao hawataki kubadilishiwa, na ndiyo maana kwa kawaida huuzwa ghali kuliko dagaa wa Mwanza. Ziwa linapofungwa, anayefaidika ni yule aliyenunua magunia kabla ya tarehe ya kufunga na akawa na stoo kavu isiyoingia wadudu. Mchuuzi anayenunua leo ili auze leo hana njia hiyo. Hulazimika kuhamia dagaa wa Mwanza au dagaa mchele wa Unguja, kisha awashawishi wateja wake wakubali.

Kwa maana hiyo tangazo la waziri lilikuwa habari ya bei. Lilitolewa kabla ya tarehe, si baada yake, na aliyelisikia mapema na akaliamini alikuwa na muda wa kujipanga. Aliyedhani ni maneno ya wanasiasa alijikuta mwezi Juni akitafuta mzigo ambao haupo.

Nguvu inatoka wapi

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ilipitishwa na Bunge. Lakini sheria hiyo humwachia waziri kutunga kanuni, na humo ndimo mambo ya sokoni yanamoamuliwa: nani apewe leseni, nyavu ziwe na matundu ya ukubwa gani, samaki gani asivuliwe, eneo gani lifungwe na kwa muda gani, na ada ya kila kibali. Sheria hubadilika mara chache. Kanuni, kama zile za mwaka 2009, hurekebishwa kila waziri anapoona inafaa, bila kusubiri kikao cha Bunge.

Kwa mfanyabiashara, hapa ndipo penye hatari kubwa. Sangara wa Ziwa Victoria aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na sato aliye chini ya sentimita 25 vilevile. Katazo hili halimhusu mvuvi peke yake. Humfuata samaki kwa aliyembeba na aliyemuuza. Nyavu za timba na makokoro vimepigwa marufuku ziwani, lakini samaki akishakaushwa na kufungwa kwenye gunia hakuna anayeweza kusema alinaswa na wavu gani. Kinachobaki kupimwa ni urefu wake, na anayekutwa naye ndiye anayejibu.

Chukua mfano wa mchuuzi wa Mabibo mwenye mtaji wa shilingi 300,000, ambaye kila safari humbakizia faida ya asilimia 15 baada ya gharama, yaani shilingi 45,000. Mzigo mmoja ukitaifishwa, anahitaji safari 7 ili kurudisha mtaji peke yake, mbali na faini. Na safari hizo 7 atazifanya kwa mtaji upi? Atakopa. Mvuvi aliyemvua sangara huyo mdogo ameshalipwa zamani, na dalali wa mwaloni ameshachukua chake.

Nchi iliona jambo hili kwa uwazi mwaka 2018, wakati Bw. Luhaga Mpina alipokuwa waziri. Alikuja na nguvu ambayo sekta hiyo haikuwa imeizoea: Operesheni Sangara katika Ziwa Victoria, nyavu haramu kuchomwa moto, malori kusimamishwa njiani na faini kutozwa. Juni mwaka huo maofisa wa wizara walifika hadi kwenye kantini ya Bunge mjini Dodoma na kuwapima samaki kwa rula. Wabunge walikuja juu. Ni haki kusema kwamba wachuuzi waliokuwa wakipimiwa samaki wao barabarani kwa miezi kadhaa hawakupata watetezi wengi kiasi hicho.

Waliomtetea Bw. Mpina walikuwa na hoja nzito. Sangara akivuliwa kabla hajazaa, viwanda vya Mwanza hukosa malighafi na mchuuzi wa kesho hukosa bidhaa. Hilo halina ubishi. Tatizo la kibiashara ni mahali ukaguzi unapoanzia. Kumkagua mtu mwenye meza hakuigharimu serikali kitu kikubwa, kwa kuwa hakimbii na hana boti. Kumfuata mwenye nyavu usiku ziwani kunahitaji mafuta, injini na watu. Waziri anayetaka hesabu za haraka za faini atapenda njia ya kwanza.

Samaki wa Magufuli

Wapo wanaomkumbuka waziri mwingine kwa sababu tofauti kabisa. Hadi mwaka 2008 uvuvi ulikuwa chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Mwaka huo ulihamishiwa wizara moja na mifugo, na aliyekabidhiwa ni Bw. John Magufuli, ambaye baadaye alikuwa Rais. Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika eneo la bahari kuu la Tanzania ikidaiwa kuvua bila leseni, ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Samaki hao waligawiwa, na mitaani wakaitwa samaki wa Magufuli. Jina hilo bado linatajwa.

Hesabu ya mwisho haikuwa tamu kama samaki wenyewe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na mwenzake mmoja, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwenendo mzima kwa kasoro za kisheria, na washitakiwa wakaachiwa. Wakati huo samaki walishaliwa na meli ilikuwa haifai tena. Hatua ya waziri iliwapa heshima walinzi wa bahari, na wavuvi wa meli za nje walijua kuna mtu anatazama. Lakini mali iliyokamatwa kwa kishindo ilihitaji karatasi zilizokamilika, na karatasi hazikukamilika.

Saini nyingine ya waziri haitajwi sana Mabibo, ingawa inagusa bei ya kila sangara. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya viuatilifu, na hadi mwaka 2000 soko hilo lilikuwa limefungwa kwa Tanzania. Waziri wa wakati huo alikuwa Bi. Zakia Meghji. Kazi ya kuwashawishi wanunuzi kwamba samaki ni salama haikuweza kufanywa na kiwanda kimoja kimoja. Serikali ndiyo iliyopaswa kuweka wakaguzi na maabara, kisha kuweka jina lake chini ya cheti. Soko la nje likifungwa, minofu inakosa mnunuzi na mvuvi hupunjwa mwaloni. Likiwa wazi, mnunuzi wa Dar es Salaam hushindana na kiwanda kwa samaki yule yule, na mara nyingi hubakiwa na vichwa na mapanki.

Si kila kero ni ya waziri huyu. Ushuru wa soko hukusanywa na halmashauri, na Mabibo tangu mwaka 2016 iko chini ya Ubungo, si Kinondoni kama ilivyokuwa. Kodi ni ya hazina. Dagaa wanaotoka Unguja huvuliwa chini ya waziri mwingine, kwa kuwa Zanzibar ina wizara yake ya uvuvi, na ni bahari kuu tu ambayo pande mbili huisimamia pamoja kupitia mamlaka yenye makao yake Zanzibar. Mchuuzi anayepeleka malalamiko ya ushuru wa meza kwa ofisa uvuvi anapoteza asubuhi yake.

Kwa mwekezaji mdogo hali ni ngumu zaidi kidogo. Hakuna kampuni ya uvuvi ambayo hisa zake zinauzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwa hiyo mwenye akiba huingia kwa njia nyingine: sehemu ya boti, seti ya nyavu, friza, au kumkopesha mtu wa Feri. Vitu hivi vyote thamani yake hutegemea kanuni. Nyavu zilizo halali leo zinaweza kuwa kuni kesho. Walioweka fedha katika meli za kukokota kambamiti walilijua hilo serikali iliposimamisha uvuvi huo wa meli kuanzia mwaka 2008 kwa sababu kambamiti walikuwa wamepungua.

Zipo dalili za upande mwingine. Shirika la TAFICO, lililoanzishwa mwaka 1974 na kufa wakati wa ubinafsishaji, lilifufuliwa mwaka 2018. Mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, na Januari 2024 boti na vizimba vya kufugia samaki vilikabidhiwa Mwanza kwa mkopo nafuu. Vizimba ndivyo vya kuangaliwa zaidi, kwa sababu sato wa kufugwa havunwi kwa kutegemea mwezi.

Kwa sasa anayenunua sangara wakavu kwa jumla anaweza kufanya jambo moja kabla ya kutoa fedha. Rula ya mwanafunzi ina sentimita 30 na haitoshi. Utepe wa fundi cherehani una sentimita 150, huingia mfukoni, na dalali anayekataa mzigo wake upimwe kwa utepe huo ameshajibu swali.