Mashua ya Kioo na Askari Asiyeonekana

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa Jeshi na wa Polisi mnaotusikiliza mkiwa kambini, vituoni au katika zamu za mpakani, leo tunataka kuzungumzia maji, na kazi ya mtu anayepewa amri ya kuyalinda.

Yeyote aliyewahi kupangiwa zamu katika sekta ya Mururu, wilayani Rusizi, anaufahamu mto ule. Unatoka katika Ziwa Kivu ukiwa mtulivu, kisha unaingia kwenye mabonde membamba na kuanza kukimbia kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande mmoja ni Rwanda, upande wa pili ni Kongo. Nguvu ya maji hayo huzungusha mitambo ya umeme, na mmoja wa mitambo hiyo, ule wa Ruzizi ya pili, unahudumia Rwanda, Burundi na Kongo tangu mwaka 1989. Askari aliye zamu pale hutazama juu ya maji. Huangalia nani anavuka, chombo gani kinasogea, mzigo gani umebebwa. Ni wachache wanaojiuliza kama na kile kilicho chini ya maji kimo ndani ya amri waliyopewa.

Ili kulijibu swali hilo, hatuna budi kusafiri kwa mawazo zaidi ya kilomita elfu moja kuelekea mashariki, hadi pwani ya Kenya, katika miji ya Malindi na Watamu. Huko kuna chombo ambacho kwa miaka mingi kimewaonyesha watu wa kawaida yale ambayo zamani yalijulikana kwa mzamiaji na mvuvi tu. Chombo hicho ni mashua ya kioo.

Mashua ya kioo ni mashua ya kawaida ya mbao, yenye paa la kuzuia jua na mabenchi pande zote mbili. Katikati, mahali ambapo mashua nyingine ina sakafu, hii imekatwa na kuwekwa vioo vinene vilivyozibwa vizuri ili maji yasipenye. Abiria huketi wakizunguka vioo hivyo kama watu wanaoota moto, wakainamisha vichwa na kutazama chini. Chombo hiki hakikubuniwa katika pwani yetu. Mashua za namna hii zilikuwa zikiwatembeza watu katika chemchemi za Florida, nchini Marekani, tangu mwishoni mwa karne ya 19.

Huenda msikilizaji akauliza: kwa nini kioo kinahitajika, ilhali maji yenyewe yanapenya mwanga? Sababu ni kwamba uso wa maji hautulii. Kila kiwimbi huupindisha mwanga upande wake, na anga nayo hujionyesha juu ya maji kama katika kioo cha kujitazamia. Kioo cha mashua hulala bapa juu ya maji na kuviondoa viwimbi hivyo, na kivuli cha paa huondoa mng'ao wa anga. Hapo jicho huona chini bila kizuizi. Tena maji yana tabia ya kuvisogeza vitu karibu na jicho. Jiwe lililo mita 4 chini ya kioo huonekana kana kwamba liko mita 3 tu.

Hata hivyo, kioo peke yake hakitoshi. Mashua ya kioo haina kazi katika bahari iliyochafuka. Inahitaji ghuba au bandari ya asili, yaani maji yaliyokingwa. Huko Malindi na Watamu, kinga hiyo ni mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani. Mawimbi ya Bahari ya Hindi huuvamia mwamba huo, yakavunjika, na maji yanayobaki nyuma yake huwa na utulivu. Manahodha hupenda kuondoka maji yanapokupwa, kwa sababu wakati huo matumbawe huwa karibu na kioo na mawimbi huwa yamezuiwa vema.

Matumbawe yenyewe si mawe, ingawa mtu akiyashika atadhani hivyo. Ni makazi yaliyojengwa na wanyama wadogo sana, kizazi juu ya kizazi, kila kimoja kikiongeza tabaka lake la chokaa juu ya mifupa ya kilichotangulia. Katika majengo hayo hukaa pono wenye midomo kama ya kasuku, changu, mkunga aliyejificha pangoni, pweza anayebadili rangi, na mara nyingine kasa anayepita polepole kama mzee asiye na haraka. Hayo ndiyo anayoyaona abiria.

Sasa tutazame yale asiyoyaona. Mwaka 1968, Kenya ilitangaza Hifadhi za Taifa za Bahari za Malindi na Watamu, na hifadhi hizo ni miongoni mwa za kwanza za aina yake katika bara la Afrika. Ndani ya hifadhi ni marufuku kuvua, kuokota kombe na kuvunja matumbawe. Katika eneo la akiba linalozizunguka, uvuvi wa jadi umeruhusiwa. Ulinzi wa maji hayo uko mikononi mwa askari wa wanyamapori wa serikali, ambao hufanya doria kwa mashua kama vile wenzao wafanyavyo doria kwa miguu katika mbuga za tembo.

Je, doria hiyo inaleta tofauti gani? Jibu liko kwa samaki mmoja aitwaye kikande. Huyu ana taya ngumu, na chakula chake ni pamoja na wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, ambao mvuvi akimkanyaga mmoja wao hawezi kumsahau. Wanyama wa miiba hukwangua mwamba ili wale. Wakiwa wachache hawana madhara. Lakini pale ambapo kikande wamevuliwa wakamalizika, wanyama hao huongezeka bila mpinzani, nao huutafuna mwamba kuliko unavyoweza kujijenga. Watafiti waliolinganisha miamba ya pwani ya Kenya waliona jambo hilo waziwazi: ndani ya hifadhi zinazolindwa, kikande wapo na wanyama wa miiba ni wachache, kwenye miamba iliyovuliwa bila kiasi, mambo ni kinyume. Kwa hiyo askari anayemzuia mtu kutupa wavu ndani ya hifadhi analinda ukuta unaozuia bahari kuila pwani.

Ndugu askari, hapa yatupasa kusema kweli. Mtu anayezuiwa mara nyingi ni maskini. Hana shamba, ana watoto, na mahali anapokatazwa kuvua baba yake alivua. Hifadhi zilipotangazwa, wavuvi walipoteza maeneo yao, na manung'uniko yao hayakuwa ya uongo. Askari anayetekeleza sheria bila kulielewa hilo atakuwa mkatili, na anayelielewa bila kutekeleza sheria atakuwa amewanyima chakula watoto wa mvuvi yuleyule. Katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, watafiti walipima mavuno ya wavuvi na kukuta kwamba wale waliotega karibu na mpaka wa hifadhi walipata samaki wengi zaidi kwa kila mtego. Samaki waliokulia mahali palipolindwa walivuka mpaka, kwani samaki hawajui mipaka, wakaingia mitegoni mwa wale waliokuwa wakinung'unika.

Ulinzi ukilegea, matokeo nayo huonekana. Katika pwani ya Tanzania, kwa miaka mingi wapo waliovua kwa baruti. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na kusaga matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi waliingizwa katika kazi hiyo na milipuko ikapungua sana. Walipoondoka, baada ya miaka michache baruti ilirudi, ikabidi serikali ianze upya. Doria ya mwaka mmoja haitoshi kulinda kitu kilichojengwa kwa karne nyingi.

Tena kuna adui asiyekamatika kwa doria. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida. Matumbawe ya pwani yote ya Afrika Mashariki yaligeuka meupe, na sehemu kubwa ikafa, hata ndani ya hifadhi. Hakuna askari awezaye kulitia joto pingu. Kwa sababu hiyohiyo, yale madhara yaliyo ndani ya uwezo wetu hayana udhuru.

Mojawapo ya madhara hayo linatuhusu sisi watu wa milimani moja kwa moja, nalo ni udongo. Kaskazini ya Malindi, mto Sabaki humwaga maji yake baharini. Mto huo huanzia mbali, katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ambako huitwa Athi. Mvua inaponyesha juu ya mashamba yasiyokingwa, udongo huteremka nao, na upepo wa kaskazi unapovuma huusukuma kuelekea Malindi. Maji yakijaa udongo, kioo cha mashua huonyesha ukungu tu, na matumbawe hukosa mwanga.

Hilo lina ushahidi wake ndani ya matumbawe yenyewe. Kama mti unavyoweka duara kila mwaka, tumbawe nalo huweka tabaka, na ndani ya tabaka huhifadhi alama za maji ya wakati huo. Wataalamu walitoboa tumbawe moja kubwa la Malindi lenye umri wa karibu miaka 300, wakasoma tabaka zake kama daftari la zamu. Walikuta kwamba kutoka mwaka 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na mto haukubadilika sana. Baada ya 1900, watu walipozidi na ardhi ikatumiwa zaidi, udongo ukaanza kupanda mwaka hata mwaka, ukafikia kilele katika miaka ya 1970, wakati ukame mkali ulipofuatwa na mvua nyingi. Mkulima aliyelima mteremko karibu na Nairobi hakujua kwamba jembe lake linaandikwa baharini.

Basi turudi Mururu. Ziwa Kivu halina matumbawe, na uhai wake una mipaka yake ya pekee. Chini ya kina cha mita 60 hivi maji yake hayana hewa ya kuwatosha samaki, bali yamejaa gesi. Kwa hiyo chakula chote kinachotoka ziwani kinatoka katika tabaka jembamba la juu. Isambaza, wanaovuliwa usiku kwa taa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wadogo wao hukulia karibu na mwambao. Ndiyo sababu uvuvi wa isambaza hufungwa kwa miezi miwili kila mwaka, na ndiyo sababu wavu wa kaningini na chandarua cha mbu havitakiwi majini. Chandarua kinachokokotwa mwambaoni huvua mavuno ya mwaka ujao kabla hayajafika. Askari wa kikosi cha majini anayekiondoa usiku wa manane, akiwa amelowa na kusikia lawama, hana mtalii wa kumpigia makofi.

Na udongo nao ni wetu. Pale mto unapotoka ziwani maji huwa safi, kwa sababu ziwa hutuliza uchafu wake. Lakini kule chini, mito ya Bugarama inapoingia, udongo wa mashamba huingia pamoja nayo na kuteremka hadi Tanganyika, kwa majirani zetu. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi, askari anaposhika jembe pamoja na raia katika umuganda na kuchimba matuta mlimani, bado yuko zamu. Analinda maji ya watu ambao hatawaona maishani mwake.

Ndugu wasikilizaji, anayepanda mashua ya kioo hulipa nauli, hutazama samaki kwa saa chache, kisha hurudi nyumbani na kusimulia. Ni haki yake. Lakini kile alichokiona kimewekwa pale na watu wasiokuwamo katika mashua: mvuvi aliyekubali kutega nje ya mpaka, mkulima aliyekinga shamba lake, na askari aliyefanya doria bila shahidi. Huku kwetu Kivu na Rusizi hakuna kioo cha kuonyesha kazi ya mlinzi. Wenye kuionyesha ni samaki wa mwakani, watakapokuwa wamejaa katika nyavu halali, na mto utakaowafikia majirani ukiwa safi. Tunawatakia zamu njema.