Riesener: Fundi mgeni aliyenunua tena meza zake mwenyewe

Katika jumba la kifalme la Versailles, nje kidogo ya Paris, ipo meza ya kuandikia iliyochukua miaka tisa kutengenezwa, kuanzia 1760 hadi 1769. Mwenye oda alikuwa Mfalme Louis wa 15. Kifuniko chake cha mviringo huviringika na kuficha karatasi zote, na ufunguo mmoja tu ndio unaoifunga. Ufunguo huo alikaa nao mfalme. Watumishi waliachiwa droo ndogo za pembeni, wapate kuongeza wino bila kuona barua.

Mafundi wake wawili wakuu hawakuzaliwa Ufaransa. Jean-François Oeben, aliyeianza, alitoka Ujerumani na alifariki 1763 kazi ikiwa haijaisha. Aliyeimaliza ni Jean-Henri Riesener, mzaliwa wa Gladbeck, Ujerumani, aliyevuka mpaka kutafuta riziki Paris. Mjane wa fundi aliruhusiwa kuendeleza karakana ya mumewe, hivyo kwa miaka kadhaa Riesener alitoa kazi zenye muhuri wa marehemu. Mwaka 1767 akamwoa mjane huyo, na 1768 akapata muhuri wake.

Samani za namna hii zilipita mikono mingi. Mbao za rangi mbalimbali, nyingine kutoka Amerika ya Kusini, zilipasuliwa nyembamba, zikakatwa kwa msumeno mdogo na kupachikwa kwa gundi hadi zikafanya picha za maua. Kivuli cha jani kilipatikana kwa kuchovya kipande kwenye mchanga wa moto. Rangi ya kahawia tunayoiona leo inadanganya: zilipokuwa mpya zilikuwa na kijani na nyekundu za kung'aa.

Mapambo ya shaba yalisubiwa na mafundi wengine, kisha yakaenda kwa wapaka dhahabu. Hao walichanganya dhahabu na zebaki, wakaipaka, wakaichoma hadi zebaki ikageuka mvuke. Mvuke huo uliwaharibia afya na kufupisha maisha yao. Wachimbaji wadogo wa Geita wanaochoma zebaki hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1774 Riesener akawa fundi wa mfalme, na katika miaka kumi aliingiza ikulu samani zaidi ya 700. Mteja mkubwa mmoja ni neema na hatari pia. Katikati ya miaka ya 1780 maofisa waliona bei zake ziko juu mno, wakampa oda fundi wa bei nafuu, Guillaume Beneman. Malkia Marie-Antoinette peke yake ndiye aliyeendelea kumwita.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1789. Mfalme aliuawa Januari 1793, na Agosti mwaka huo serikali ikaanza kunadi vyombo vya Versailles. Mnada ulichukua karibu mwaka mzima, ukiwa na mafungu zaidi ya 17,000. Riesener alifika na fedha zake, akanunua tena samani alizozitengeneza mwenyewe.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Alijua gharama ya kila kipande, na bei ya mnada ilikuwa ya kutupa. Lakini wanunuzi wa bidhaa hiyo walikuwa wamekimbilia nje au wameuawa, na waliobaki walitaka mtindo mpya. Mzigo ukamlalia. Mwaka 1794 serikali ikampa kibarua cha kubandua alama za kifalme kwenye samani alizozipamba yeye. Alifariki Paris 1806, utajiri wake ukiwa umekwisha.

Soko lilirudi akiwa kaburini. Matajiri wa Uingereza walizigombea samani hizo, kisha Wamarekani. Meza moja ya kuandikia aliyomtengenezea Marie-Antoinette mwaka 1783 iliuzwa London 1882 katika mnada wa mali za Hamilton Palace. Baadaye William K. Vanderbilt, tajiri wa New York, aliiachia kwa wosia jumba la makumbusho la Metropolitan la jiji hilo. Imekuwa huko tangu 1920.