CHANJO KABLA YA KUNG'OA NANGA

Mlezi wetu wa Chama cha Kiswahili alitutaka tuandike jambo tulilojionea kwa macho yetu, lenye faida kwa mwenzetu. Wengine wameandika kuhusu mapenzi na wengine siasa. Mimi nimechagua sindano. Msicheke! Sindano moja iliyochelewa kwa siku tano ilinifanya nikose masomo wiki tatu nzima. Someni mpaka mwisho mtaelewa.

Yalitokea mwaka wa 2023. Kaka yangu alikuwa amehitimu mafunzo ya kuhudumu mezani, akatafuta kazi hotelini mpaka soli za viatu zikaisha. Mwezi wa Septemba bahati ikambishia hodi. Wakala mmoja wa mabaharia akampatia nafasi katika meli ya watalii. Angesafiri kwa ndege hadi Durban, Afrika Kusini, na hapo apande meli inayozunguka Msumbiji na visiwa vya Bahari Hindi. Nyumbani kwetu Likoni palikuwa na nderemo. Mama, ambaye huuza mahamri na mbaazi, alikopa pesa katika chama cha akina mama ili kugharamia karatasi zote za safari. Mkopo huo pamoja na karo yangu ya muhula wa kwanza vyote vilitegemea mshahara wa kwanza wa kaka.

Wakala alimpa orodha ya vitu vya kutayarisha: paspoti, cheti cha mafunzo ya usalama baharini, barua ya daktari, na mwisho kabisa, kitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Kaka akavishughulikia vyote isipokuwa hicho cha mwisho. Kila nikimkumbusha hunijibu, "Aa, wewe nawe! Sindano ni dakika moja. Nitaichoma hata siku ya kuondoka."

Ndege ilikuwa ya Jumamosi, tarehe 18 Novemba. Kaka alikwenda kuchanjwa Jumatatu, tarehe 13. Mimi nilikuwa nimefunga shule, kwa hivyo nikamsindikiza. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alimchoma, akagonga muhuri, kisha akauliza, "Safari lini, mwanangu?"

"Jumamosi hii, mama."

Muuguzi akavua miwani. "Jumamosi ipi? Kitabu hiki kinaanza kufanya kazi tarehe 23."

Kaka aliduwaa kama aliyemwagiwa maji baridi. Mimi nikauliza kwa nini, na yule mama, Mungu ambariki, akatueleza kama mwalimu wa bayolojia. Mengine niliyasoma baadaye maktabani.

Homa ya manjano huletwa na virusi. Huenezwa na mbu, hasa aina iitwayo Aedes aegypti, mwenye madoadoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana. Ndiye huyo huyo anayetuletea homa ya dengi hapa Mombasa. Mgonjwa huanza kwa homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wengi hupona baada ya siku chache. Wachache, hata hivyo, hurudiwa na ugonjwa kwa ukali zaidi: ini huharibika, macho na ngozi hugeuka rangi ya manjano, na damu huweza kutoka puani, mdomoni na tumboni. Karibu nusu ya wanaofikia hali hiyo hufariki katika muda wa siku saba hadi kumi. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivyo. Daktari hutuliza tu maumivu na kumpa mgonjwa maji, huku mwili ukipigana wenyewe.

Basi chanjo hufanya nini? Ndani yake mna virusi hai vya ugonjwa huo huo, ila vimedhoofishwa visiweze kuleta madhara kama vile vikali. Mwili ukiviona hudhani adui amevamia, nao huanza kuunda askari wa kumkabili. Lakini askari hawafunzwi kwa siku moja! Huchukua kama siku kumi hivi kwa watu wengi kupata kinga ya kutosha, na ndiyo sababu sheria za afya za kimataifa huhesabu cheti kuwa halali kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Habari njema ni kwamba sindano moja yatosha. Zamani cheti kilikwisha muda baada ya miaka kumi, lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote ya mwenyewe.

Aliyeivumbua chanjo hii ni Max Theiler, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Pretoria mwaka wa 1899. Aliitengeneza akiwa Marekani mwaka wa 1937, na mwaka wa 1951 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kabla yake ugonjwa huu ulikuwa jinamizi la mabaharia. Mbu walitaga mayai katika mapipa ya maji melini na kusafiri bure kutoka bandari hadi bandari. Meli za watumwa kutoka Afrika ndizo zilizouvusha ugonjwa huu hadi bara la Amerika. Wafaransa walipojaribu kuchimba mfereji wa Panama kuanzia mwaka wa 1881, homa ya manjano na malaria ziliwaua wafanyakazi kwa maelfu. Mfereji ulikamilika mwaka wa 1914 chini ya Wamarekani, baada ya mbu kupigwa vita vikali.

Huenda msomaji ukauliza: kwani Afrika Kusini kuna homa ya manjano? La, haipo. Na hapo ndipo penye siri. Nchi isiyo na ugonjwa lakini yenye mbu wa kuueneza huogopa kuletewa. Msafiri mmoja mwenye virusi akishuka uwanjani na kuumwa na mbu wa huko, mbu yule atawauma wengine, na moto utakuwa umewashwa. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huu. Uliwahi kuzuka katika Bonde la Kerio mwaka wa 1992 na 1993, na ukazuka tena Isiolo mwaka wa 2022. Kwa hivyo Mkenya akienda Afrika Kusini hutakiwa kuonyesha cheti. Wala si mzaha. Machi 2012 abiria 125 kutoka Nigeria walirudishwa kwao kutoka Johannesburg kwa ajili ya vyeti hivyo vya manjano, jambo lililozua ugomvi mkubwa hata serikali ya Afrika Kusini ikaomba radhi.

Turudi kwa kaka. Tulipotoka pale, kijana mmoja alitufuata. Sijui aliyasikiaje ya kwetu. Akamwambia kaka kwa sauti ya chini, "Bro, usijisumbue. Elfu tatu tu, nakupa kitabu kipya, tarehe ya mwezi uliopita, muhuri safi. Jumamosi unaruka."

Wasomaji wenzangu, nitasema ukweli: mimi mwenyewe nilitamani akubali. Si ameshachanjwa? Siku tano ni nini? Niliiwazia karo yangu, nikamwazia Mama na mkopo wake. Kaka akasema atafikiria, tukavuka feri kimya kimya bila ya kutazamana.

Nyumbani Mama alitusikiliza huku akikanda unga. Hakupandisha sauti. Alimwuliza kaka, "Afisa wa uwanja utamdanganya kwa tarehe. Je, mbu naye utamwonyesha kitabu?"

Kaka akanyamaza.

"Na siku ukikamatwa na kitabu cha uongo," Mama akaendelea, "ni nani atakayekupa kazi ya meli tena? Kawia ufike, mwanangu."

Jioni ile kaka alimpigia simu wakala na kumweleza ukweli. Alikaripiwa vya kutosha! Nafasi yake ikapewa mwingine, naye akaambiwa angoje meli irudi safari nyingine. Aliondoka mwisho wa Desemba badala ya Novemba. Mshahara ulichelewa, karo ikachelewa, na shule zilipofunguliwa Januari 2024 mimi nilibaki nyumbani wiki tatu nikimsaidia Mama kuuza mahamri. Niliporudi nilinakili madaftari ya marafiki mpaka vidole vikaota sugu. Walimu walioniuliza nilikuwa wapi, jibu lenu ndilo hili.

Sasa, ndugu msomaji, pengine wewe utakuwa baharia, mpishi wa meli, au tajiri wa kupanda meli hizo kama mtalii. Yashike haya niliyoyapata.

Kwanza, mwone daktari wiki nne hadi nane kabla ya safari. Mwonyeshe orodha ya bandari zote mtakazotia nanga, si ile ya kwanza tu. Meli hupita nchi nyingi, na kila nchi ina sheria zake. Mtu huweza kuruhusiwa bandari moja na kuzuiwa nyingine kwa sababu ya alikotoka.

Pili, jua tofauti ya chanjo inayodaiwa na sheria na chanjo inayodaiwa na afya yako. Ya homa ya manjano huulizwa mpakani. Zile za homa ya matumbo, homa ya ini, pepopunda na kipindupindu huenda asikuulize mtu, lakini ndizo zitakazokuokoa ukila chakula cha vibandani au ukikatwa na chuma chenye kutu. Hakikisha pia ulichanjwa surua utotoni. Melini maelfu ya watu hula ukumbi mmoja na kupumua hewa moja, na ugonjwa wa kuambukiza huenea kama moto wa makuti.

Tatu, usiziache zote zigongane. Chanjo nyingine huhitaji sindano mbili au tatu zilizopishana kwa wiki au miezi, kama ile ya homa ya ini aina ya B. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, kwa kawaida hutolewa siku moja au hupishanishwa kwa wiki nne. Anayekwenda dakika ya mwisho hakosi kupungukiwa.

Nne, si kila mtu anafaa kuchomwa chanjo ya homa ya manjano. Watoto wachanga wa chini ya miezi tisa kwa kawaida hawachomwi. Mwenye mzio mkali wa mayai asichomwe, kwa kuwa chanjo hii hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, mama mjamzito na mzee wa miaka sitini na kuendelea washauriane na daktari kwanza. Asiyefaa huandikiwa na daktari barua ya kueleza sababu. Hiyo nayo ni njia halali, haina haja ya kijana wa langoni.

Tano, chanjo haimalizi yote. Malaria kwa msafiri mzima huzuiwa kwa vidonge vinavyoanza kumezwa kabla ya kufika na kuendelea baada ya kurudi, na dengi huzuiwa kwa kujikinga na mbu. Nguo za mikono mirefu na dawa ya kujipaka zisikose mkobani.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Sibishani nao, lakini ugonjwa si ajali. Wenye kinga tumeuona, na kinga yake yapatikana hapa hapa mjini. Inahitaji tu kupewa siku zake.

Kaka aliporudi likizo alituletea picha za Durban na za bahari ya Msumbiji. Mimi nilimwomba anionyeshe kile kitabu cha manjano. Kimechakaa pembeni, lakini tarehe yake yasomeka vizuri: 13 Novemba 2023. Ni tarehe ya kweli. Alinipa mkononi akasema, "Dadangu, ukimaliza shule, hiki ndicho kitu cha kwanza utafute." Nami nimeona nisiyafiche maneno hayo peke yangu. Nawatakia masomo mema na safari njema, popote meli zenu zitakapoelekea.