Kiambishi -ji- na Mkondo Unaojizalisha katika Plazima

Makala haya yanachunguza dhana ya fizikia ambayo jina lake, likifasiriwa bila uangalifu, humpotosha msomaji. Ndani ya tokamaki, chombo chenye umbo la pete, plazima yenye joto la mamilioni ya nyuzi huzuiliwa na uga sumaku ili viini vyepesi vya atomi viungane na kutoa nishati. Uga huo huhitaji mkondo wa umeme upitao ndani ya plazima yenyewe. Sehemu moja ya mkondo hutokana na transfoma, ambayo haiwezi kuusukuma daima. Sehemu nyingine haisukumwi na mtambo wowote. Bickerton, Connor na Taylor, walioieleza sehemu hii ya pili mwaka 1971 nchini Uingereza, waliipa jina la mtu ajiinuaye kwa kuvuta vitanzi vya buti zake mwenyewe.

Tukisema "mkondo unaojizalisha", kiambishi -ji- hudokeza kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Ilhali mkondo huu una mzazi, naye ni tofauti ya kanieneo baina ya kitovu cha plazima na ukingo wake.

Tuchukue mfano wa mpaka wa Sirari na Isebania, jioni ya siku ya soko. Kila aliyevuka anarudi kwao. Iwapo waliotoka Sirari walikuwa wengi zaidi, mtu aliyesimama mpakani ataona msafara mkubwa ukielekea Sirari, adhani kuna nguvu inayousukuma. Hakuna, kuna tofauti ya idadi tu. Vivyo hivyo, chembe zilizonaswa upande wa nje wa pete, ambako uga ni dhaifu, hufuata njia za umbo la ndizi (ndivyo wanafizikia wenyewe waziitavyo, na msomaji wa Tarime hatahitaji kamusi). Katika nukta yoyote, zinazokwenda huku ni za ndizi za ndani, penye chembe nyingi. Zinazokwenda kule ni za ndizi za nje, penye chembe chache. Mfano wetu una kikomo: mwendo unaohusika hapa ni ule ulio sambamba na uga, wala si wa kuvuka mpaka. Tofauti hiyo hupokezwa, kwa njia ya migongano, elektroni zisizonaswa, nazo ndizo zibebazo sehemu kubwa ya mkondo.

Sasa uga usumbuliwe. Mistari yake, ambayo kwa kawaida hukaa katika matabaka kama maganda ya kitunguu, hukatika na kuungana upya, ikafanya visiwa. Ndani ya kisiwa joto hukimbia kufuata mistari kutoka ndani hadi nje, kanieneo ikasawazika. Mzazi akiondoka, mwana naye hutoweka. Upungufu huo wa mkondo huzaa uga unaozidi kukipanua kisiwa. Nadharia hiyo ilitolewa katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1995 visiwa vya namna hii vilitambuliwa katika mtambo wa TFTR, Princeton. Kwa maoni yangu, kama kuna mahali -ji- inastahili, ni hapa: shimo linajichimba.

Hata hivyo, si kila kisiwa hukua. Kilicho chembamba mno hakiwezi kusawazisha kanieneo, hivyo huhitaji usumbufu mwingine ukifungue kwanza. Tena, pale ambapo badiliko la mpindo wa uga limegeuzwa, upungufu uleule hukibana kisiwa badala ya kukipanua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa ASDEX Upgrade, Ujerumani, walielekeza mawimbi ya maikro kisiwani ili kurudisha mkondo uliopotea, kisiwa kikasinyaa. Mtambo wa ITER unaojengwa Cadarache, Ufaransa, umesanifiwa uwe na zana hiyo.

Kwa hiyo napendekeza "mkondo wa mteremko wa kanieneo". Ni jina refu, nakiri. Lakini mwanafunzi aliyelizoea, akiambiwa kwamba kanieneo imesawazika kisiwani, atajua mwenyewe mkondo umekwenda wapi.