Gunia la Makala na Kifo cha Senkwekwe

Kila asubuhi katika kartye ya Himbi, kule Goma, akina mama wanawasha babula. Bei ya gunia la makala wanaijua vizuri. Lakini mti ulikatwa wapi? Hilo hatuulizi sana. Ndugu msomaji, kuko wachunguzi waliofuata nyayo za wauaji wa gorila, nazo zikawapeleka mpaka kwenye gunia hilo.

Mwezi wa Juni 2007, katika parke ya Virunga, gorila jike aliuawa kwa risasi. Mtoto wake Ndakasi, wa miezi miwili tu, alikutwa ameshikilia maiti ya mama yake. Halafu, tarehe 22 Julai, watu wenye bunduki waliingia katika jamaa la Rugendo. Walimwua dume mkubwa Senkwekwe pamoja na majike. Wanakijiji na walinzi walibeba maiti juu ya miti, watu wengi kwa kila moja.

Uchunguzi wa namna hii unaanza na swali moja: muuaji amebeba nini? Anayetaka nyama hukata nyama. Ndivyo ilivyokuwa Kahuzi-Biega karibu na mwaka 2000, wakati watu walipokimbilia koltani: tembo na gorila waliliwa kwenye machimbo. Anayetaka pembe hung'oa pembe. Mchuuzi wa wanyama huchukua mtoto akamwuze.

Huku Virunga hakuna kilichobebwa! Maiti ziliachwa nzima, na watoto wakaachwa porini. Basi swali likageuka: ni nani anapata faida gorila wakiisha?

Jibu lilikuwa katika moshi. Penye gorila pana walinzi, na penye walinzi huwezi kuchoma makala kwa raha. Miti ya parke ilikuwa inachomwa na kuuzwa mjini. Wachunguzi waliona kwamba mauaji yalikuwa onyo kwa walinzi. Mwaka 2008 hata mkubwa mmoja wa ulinzi wa mbuga alikamatwa, yeye alikana.

Tangu 2011 parke ilianza kufundisha mbwa kunusa nyayo za majangili. Tarehe 11 Februari 2014 inchi ilipata sheria mpya ya ulinzi wa viumbe. Lakini mbwa hafiki jikoni kwetu.

Kuko njia nyingine. Karibu na parke, familia zilipanda miti yao ya makala katika mpango wa EcoMakala. Mwishoni mwa 2015 mtambo wa umeme wa Matebe ulifunguliwa, na baadaye nyumba kadhaa za Goma zikapata umeme wake. Si kila mtu anaweza kuulipia, tunajua. Lakini kumwuliza muuzaji "makala haya yametoka wapi?" hakuna bei.

Ndakasi alilelewa Rumangabo. Alikufa tarehe 26 Septemba 2021, mwenye miaka 14, mikononi mwa mlezi wake André Bauma, yule aliyemkumbatia tangu usiku wa kwanza.

Vijana, gunia linalofuata mkitumwa kununua, ulizeni.