Filme ya majambazi ya wanafunzi: nani atawaleta vijana wa Kisangani kuitazama?

Jumamosi mchana ku Mangobo, ukipita karibu na nyumba ya ciné-vidéo, huna haja ya kuuliza ndani wanaonyesha nini. Unasikia bunduki, unasikia motokari inafunga freni, kisha unasikia batoto banapiga makelele mbele hata mtu hajaanguka, juu ile filme bamekwisha kuiona mara ine. Ni filme ya Hong Kong, ya Marekani ao ya Nigeria. Ya Kisangani hakuna.

Sasa tuseme wanafunzi wanne ao watano wa mji wetu, na kamera moja ya kuazima, wametengeneza filme yao ya majambazi: deni lisilolipwa, almasi ya uongo, toleka inafukuzwa usiku kati ya Makiso na Tshopo. Watafikiri kazi ngumu imekwisha. Bado. Kazi ngumu ni kumtoa kijana wa miaka 15 pale mu ciné-vidéo na kumleta atazame hii yao. Na wewe msomaji ambaye uko kariere juma sita, mtoto amebaki mjini na mama yake, usiseme hii ni habari ya wasanii tu. Mtoto huyo atatazama filme ya majambazi, utake usitake. Kinachobaki ni kujua atatazama ipi.

Kuna fasi moja ambako wanafunzi wamekwisha kufaulu jambo hili, na si mbali. Ni Nairobi. Mjerumani Tom Tykwer, mtengeneza filme, pamoja na wenzake wa One Fine Day Films na nyumba ya Ginger Ink ya Kenya, walianza kufundisha vijana wa Afrika kazi ya sinema: kuandika, kushika kamera, kupanga sauti. Masomo hayo hayakuisha kwa karatasi ya kutundika ukutani. Yaliisha kwa filme. Mwaka wa 2012 ilitoka Nairobi Half Life, na David Tosh Gitonga, aliyeiongoza, ilikuwa filme yake ndefu ya kwanza. Mwaka ule Kenya iliituma kushindania Oscar ya filme za lugha za kigeni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutuma filme.

Hadithi yake vijana wetu wataielewa bila kutafsiriwa. Mwas ni kijana wa kijijini, anataka kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi na mzigo, siku ya kwanza wanamnyang'anya vyote, analala kifungoni, na anayemfungulia mlango wa mji ni jambazi. Mchana anajaribu kuigiza mu teatri, usiku anaiba vyombo vya motokari. Wanazungumza Sheng, Kikuyu na Kiswahili sawa vile watu wanazungumza barabarani, si sawa mwalimu anavyoandika ku ubao. Kijana wa Nairobi alipoketi kutazama, alisikia midomo ya wenzake.

Lakini mimi kitu kilichonishika mu filme ile ni mwanzo wake. Kijijini Mwas anauza DVD za mapigano za Hollywood, na namna yake ya kuuza ni hii: anasimama katikati ya watu na kuicheza filme mwenyewe, anaruka, anaanguka, anabadilisha sauti. Watu wanacheka, kisha wananunua. Wanafunzi wa Kisangani wanaotafuta namna ya kutangaza filme yao wasitafute mbali. Wachukue wale waigizaji wawili wenye mdomo mkali, wawapeleke ku kituo cha toleka saa ya jioni, wacheze dakika tatu za ugomvi wa filme, na wakate pale kisu kinapotoka mfukoni. Aliyetaka kujua nini ilifuata, aje Jumamosi. Karatasi ya kubandika ku ukuta wa chuo kikuu haiwezi kufanya kazi hiyo. Kijana wa miaka 15 hapiti pale, na akipita hasomi.

Kampala nako wana akili yao. Isaac Nabwana, mu mtaa wa Wakaliga, anatengeneza filme za bunduki na kung fu kwa feza kidogo sana. Ile iliyojulikana dunia mzima ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka wa 2010. Waigizaji wake ni majirani. Na wao wenyewe wanabeba DVD mkononi, wanauza mlango kwa mlango, mbele wenye kunakili hawajafika. Fikiri faida yake: kijana aliyecheza maiti sekunde tano analeta kaka, dada, mama mdogo na nusu ya kelasi yake kuja kumwona anavyokufa. Kwa hiyo shauri langu kwa wanafunzi ni rahisi: msitafute watazamaji kiisha filme kwisha. Muwatie ndani tangu mwanzo. Batoto makumi tatu wa humanités wanaokimbia mu soko, nyuma ya mwizi, njo makumi tatu wa kutangaza bila mshahara.

Nasikia tayari papa mmoja anasema: filme ya majambazi inafundisha ujambazi. Simcheki. Kabla ya uhuru, Léopoldville ilikuwa na vijana walioitwa Bills. Walitazama filme za kiboi, Buffalo Bill na wenzake, wakatoka wamevaa sawa kiboi, wakagawa mitaa ya mji kati ya vikundi, wakapigana, wakatengeneza hata lugha yao, hindubill. Wazazi na wakubwa wa serikali walisema ni sinema. Lakini kuna padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, aliyefanya kinyume: alijifunza lugha yao, akakaa nao, mpaka wakamwita Père Buffalo. Aliona kwamba bunduki ya filme ilikuwa nguo tu. Ndani ya nguo kulikuwa kijana ambaye mji haukumpa kazi wala fasi.

Leo tunasema kuluna. Mwisho wa mwaka wa 2013 polisi walianzisha Opération Likofi Kinshasa juu yao, na Human Rights Watch ilihesabu angalau vijana 51 waliouawa na 33 waliopotea. Filme ya Hong Kong haiwezi kumwambia kijana wa Kabondo habari hiyo. Mu filme za mbali jambazi anakufa kwa muziki mzuri, na kesho yake hakuna mama anayezunguka kutafuta maiti. Filme ya wanafunzi wetu ikionyesha yule mama, hata dakika mbili, imekwisha kufanya kazi ambayo filme kumi za kununua haziwezi. Ila isihubiri. Kijana akisikia mahubiri anatoka, na feza yake anaidai mlangoni.

Wala isikimbilie kuiga Viva Riva!. Ile ya Djo Munga, ya mwaka wa 2010, Kinshasa bila mafuta, Riva na magari yake ya essence ya kuiba kutoka Angola, ni filme ya majambazi kali kuliko zote tulizo nazo, na Lingala yake ni ya kweli. Lakini kuna vitanda vingi na damu nyingi. Mimi siwezi kuiweka mbele ya mtoto wa miaka 14, na ninajua ni hawa wa miaka 14 watakaoiona mu simu ya yaya wao.

Djo Munga huyo huyo, mbele ya Riva, alipanga masomo ya sinema Kinshasa, na wanafunzi wake wakatengeneza filme fupi zilizokusanywa mu Congo in Four Acts. Kiripi Katembo, aliyetufia mwaka wa 2015, alikwenda Kipushi na kutoa Après la mine, juu ya watu wanaoishi na uchafu ulioachwa na mgodi. Wachimbaji, hiyo ni yenu, itafuteni. Mwingine ni Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, aliyesoma udaktari kwanza. Mwaka wa 2014 alitoa Examen d'État: wanafunzi wa hapa hapa wanafukuzwa masomo juu ya feza, wanapanga nyumba wasome pamoja, wanatafuta majibu ya mtihani kwa njia zote, ya Mungu na zisizo za Mungu. Hakuna bastola hata moja. Lakini muonyeshe kijana wa kelasi ya sita uone kama atasimama kwenda kununua karanga. Anataka kujua nani atapita, juu anajua mwaka kesho njo yeye.

Hapo ndipo ninapoona siri yote. Bunduki inamleta kijana mpaka mlangoni. Kinachomkalisha ni kuona ukuta anaoujua, na kusikia deni linadaiwa sawa linavyodaiwa kwao, na kijana wa umri wake anayepaswa kuchagua usiku ule ule: masomo, kariere, ao wale wanaomngoja ku kona.

Mengine ni ya vitendo, na wasanii huyasahau. Bei isizidi ile ya ciné-vidéo. Groupe na essence viwe tayari, juu umeme wetu mnaujua. Sauti iwe bora kuliko picha. Picha yenye giza batoto wataisamehe, lakini mazungumzo yasiposikika watapiga mluzi. Filme yote isitiwe mu WhatsApp mbele ya juma la kwanza kwisha. Dakika moja inatosha, ndogo, isiyokula mega. Na wasichana: mu ciné-vidéo nyingi hawaingii, juu mule mmejaa wanaume na moshi, na mama anakataa, naye ana haki. Kuwe onyesho lao, mu salle ya masomo ao ya paroisse, na mama mmoja ao wawili wakae mlangoni. Nusu ya vijana wa mji ni wao. Ukiwaacha nje usiseme salle ilikuwa tupu.

Tena onyesho lisianze saa moja ya usiku ku Makiso. Walio Lubunga wanapaswa kuvuka mto kurudi, na hakuna mzazi atakayekubali mtoto apande pirogue gizani juu ya filme. Saa nane ya mchana, filme ya saa moja na nusu, muda kidogo wa kugombana nje nani alikuwa na makosa, na bado jua linawakuta wakiwa upande wa kwao.