Zijue Alama Zako: Namna Kazi za Fasihi Zinavyohesabiwa Chuoni



Kila mmoja wetu hapa bandarini anajua kusoma karatasi ya mshahara. Tunatazama mshahara wenyewe, tunatazama saa za ziada, tunatazama makato, halafu tunajumlisha. Hesabu isipolingana tunauliza. Lakini mfanyakazi huyo huyo akijiandikisha chuoni na akapewa alama 9, hukunja karatasi na kusema, "Basi, Kireno kimenishinda." Haulizi hiyo 9 imetoka wapi.

Makala hii ni kwa wenzetu wanaosomea ualimu au kozi za lugha, jioni au kwa njia ya masafa, huku wakishika zamu. Tutaeleza alama za somo la fasihi ya Kireno zinavyopatikana, na mahali ambapo mfanyakazi huzipoteza bila sababu.

KIPIMO NI 20

Nchini Msumbiji, kama ilivyo Ureno, alama huhesabiwa toka 0 hadi 20. Kufaulu ni kuanzia 10. Ndugu waliosoma ng'ambo ya Ruvuma wamezoea asilimia na herufi. Wasishtuke wakiona 14, kwani hiyo ni alama nzuri.

Alama ya mwisho haitokani na mtihani peke yake. Kwanza unatafutwa wastani wa kazi za muhula: majaribio ya darasani, insha za nyumbani, kazi ya kikundi, na kueleza kitabu mbele ya darasa. Katika vyuo vingi vyetu wastani huo ndio mlango wa kuingilia mtihani. Orodha ikibandikwa ukutani, mbele ya jina lako utaona neno moja kati ya haya matatu. "Dispensado" maana yake wastani wako ni mkubwa, mara nyingi 14 au zaidi, na mtihani umesamehewa. "Admitido" maana yake umeruhusiwa kufanya mtihani. "Excluído" maana yake umebaki nje, na somo utalirudia.

Kila chuo kina kanuni zake, na kipo kinachomtaka kila mwanafunzi afanye mtihani. Kwa hiyo wiki ya kwanza omba kanuni hizo kwa maandishi, na umwulize mwalimu mambo matatu: kazi ni ngapi, kila moja ina uzito gani, na tarehe zake ni zipi.

SIFURI NDIYO ADUI

Tuchukue mfano. Somo lina kazi nne zenye uzito sawa. Mwenzetu amepata 11 katika jaribio la kwanza, 12 katika insha, 13 katika kueleza kitabu. Siku ya jaribio la pili meli ilifika, akabaki gatini, na hakumwarifu mwalimu. Akaandikiwa 0. Jumla yake ni 36. Gawa kwa 4, anapata 9. Yuko nje.

Sasa tuseme angelikwenda amechoka, hajajiandaa, akapata 4 tu. Jumla ingelikuwa 40, na wastani 10. Angeliingia katika mtihani. Basi tujue kwamba alama mbaya inauma, lakini sifuri inaua. Usiache kazi yoyote bila kuikabidhi, hata kama unaona haijakamilika. Haba na haba hujaza kibaba.

MWALIMU ANATAFUTA NINI

Wengi wanadhani mtihani wa fasihi ni kusimulia kitabu. Sivyo. Tutazame hadithi ya Luís Bernardo Honwana, Nós Matámos o Cão-Tinhoso, iliyotoka mwaka 1964, wakati wa ukoloni. Ni habari ya mbwa mzee mwenye vidonda, na kundi la watoto wa kiume wanaotumwa kwenda kumwua. Msimulizi ni Ginho, mmoja wa watoto hao, naye moyoni hataki. Tuseme mwalimu anauliza: kwa nini mwandishi amewapa watoto kazi ya kuua?

Mwanafunzi wa kwanza anajaza kurasa tatu. Anaeleza mbwa alivyokuwa, nani alisema nini, na mwisho ulivyokuwa. Hakukosea hata neno moja, lakini swali hakulijibu. Huyo asishangae akipewa 8.

Mwanafunzi wa pili anaandika ukurasa mmoja. Anasema: wakubwa wametoa amri, lakini bunduki wamewaachia watoto, na mtoto anatii kwa sababu anaogopa kuitwa mwoga mbele ya wenzake. Halafu anaonyesha mahali katika kitabu ambapo Ginho anasitasita, na mahali ambapo wenzake wanamcheka. Huyo amejibu, na amethibitisha.

Karani wa kuhesabu mizigo haandiki kwamba meli imeleta magunia mengi. Anaandika ni magunia mangapi, ya nini, na yametoka ngama ipi. Insha ya fasihi nayo inataka hivyo: kila unalodai, onyesha limetoka ukurasa gani.

Lugha nayo inahesabiwa. Katika sensa ya mwaka 2017, Wamsumbiji waliotaja Kireno kuwa lugha yao ya kwanza hawakufika mmoja katika kila watano. Sisi wa pwani hii tunaanza na Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili, na Kireno tunakikuta darasani. Kwa hiyo uliza: katika zile alama 20, ngapi ni za lugha na ngapi ni za hoja? Ukishajua, jadili kitabu na wenzako kwa lugha mnayoielewa vizuri mpaka hoja ikae sawa, kisha iandike kwa Kireno, kwa sentensi fupi. Ila usinakili kazi ya mwenzako wala maneno ya kwenye intaneti ukayafanya yako. Kosa hilo huweza kufuta kazi nzima.

SHERIA INALINDA WAPI NA INAACHA WAPI

Sheria ya Kazi namba 23 ya 2007 ilimtambua mfanyakazi-mwanafunzi, yaani yule ambaye mwajiri wake amemruhusu kusoma. Ilimpa haki ya kutokuwapo kazini wakati wa mitihani bila kukatwa mshahara, mradi amwarifu mwajiri angalau siku 7 kabla. Nayo ilimtaka aonyeshe kwamba masomo yake yanaendelea vizuri. Mahali pa sheria hiyo sasa ipo Sheria namba 13 ya 2023. Kabla ya kuandika barua yoyote, mwone katibu wa kamati, msome pamoja kifungu kilivyo leo.

Lakini tazameni vizuri, ndugu. Haki hiyo ya 2007 ilitaja mitihani. Majaribio ya katikati ya muhula haikuyataja, na tumekwisha kuona kwamba ndiyo yanayojenga wastani. Mlango wa pili una mlinzi, lakini wenzetu wengi huanguka katika mlango wa kwanza. Hapo hakuna kinachotusaidia isipokuwa makubaliano.

Mambo yanaweza kupangwa. Kuanzia mwaka 1977 maelfu ya vijana wa Msumbiji walipelekwa Cuba, katika Kisiwa cha Vijana. Walisoma kwa Kihispania nusu ya siku, na nusu nyingine walifanya kazi katika mashamba ya michungwa. Kazi na masomo vilikaa katika ratiba moja kwa sababu waliopanga ratiba walivijua vyote viwili. Hapa kwetu mwenye zamu hajui tarehe za chuo, na mwenye chuo hajui meli itaingia lini. Anayejua yote mawili ni wewe.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mwanzoni mwa muhula mpe msimamizi wa zamu tarehe zako zote kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyotiwa sahihi. Tafuta mwenzako wa kubadilishana zamu mapema, siyo usiku wa kuamkia jaribio. Meli ikikuzuia kabisa, omba barua ya kuthibitisha kwamba ulikuwa kazini, uipeleke chuoni mara moja na uombe kupangiwa siku nyingine. Ukinyimwa barua, njoo kwenye kamati.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wetu ulipovamiwa Oktoba 2017, na ulipokuwa mikononi mwa wavamizi toka Agosti 2020 hadi Agosti 2021, watu walikimbia na roho zao tu. Vyeti na karatasi vilibaki nyuma. Mtu aliyesoma miaka mingi huweza kujikuta hana cha kumwonyesha mwajiri.

Basi tunza kila kazi iliyosahihishwa. Andika alama zako katika daftari moja, na nakala mwachie ndugu aliye mji mwingine. Kila mwaka ukiisha, omba chuoni hati ya alama yenye mhuri. Na orodha ikibandikwa, fanya hesabu mwenyewe kwa kalamu. Ikitofautiana na yao, nenda ukaulize kwa adabu, ukiwa na kazi zako mkononi, kabla muda wa kulalamika haujapita.

Jasho la kalamu ni jasho kama la gunia. Lihesabu.